Kauboi wa Mfenesi na Kaburi la Mapinga

Tangu nirudi Bagamoyo sijapata kunywa kikombe cha kahawa nikakimaliza kingali moto. Nikikaa barazani tu, mtu anakuja na swali lake. Fundi cherehani anauliza kama ni kweli nimemzika mtu Mapinga. Muuza samaki kanipa pole ya msiba na kuniongezea kolekole mmoja, nami nikampokea, kwa sababu alikuwa mnono. Jirani yetu naye kasikia kwamba maiti alikodoa macho kaburini. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, mpokezane wenyewe kwa wenyewe, anayejua kusoma amsomee asiyejua, kisha mniache na kahawa yangu. Habari za kutafuta lori na barua za kukubaliana na tajiri naziruka. Hazina utamu.

BAGAMOYO: RANGI, MARIKANI NA KARAFUU MAITI

Kwa yule asiyenijua atakayeangukiwa na karatasi hizi: jina langu Athumani, kazi yangu kuchonga na kuchora. Nilifunzwa na mjomba wangu Shomari, fundi wa milango. Mjomba hachongi chenye roho. Maua, minyororo, mawimbi, na aya juu ya kizingiti, basi. Nilichonga minyororo yake miaka tisa, na mkono wangu ukanyooka.

Kisha likaja gari la sinema la serikali. Lilituonyesha namna ya kuchimba choo na namna ya kumwangamiza mbu, na mwishoni, kama peremende baada ya dawa chungu, likatuonyesha kauboi. Dakika chache tu, mtu na kofia yake pana na farasi wake na vumbi. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nimeharibika kabisa. Asubuhi yake nilimchora kwenye mlango wa kinyozi, na kabla ya mwezi kwisha vijana walikuwa wanaomba kunyolewa kama yeye. Nikamchora kwenye hoteli, kwenye kibanda cha fundi baiskeli, na nyuma ya malori. Farasi sijapata kumwona kwa macho hata leo. Farasi wangu wote nimewachora nikimtazama punda wa muuza maji, nikimpunguza masikio.

Picha mojawapo, nyuma ya lori la Kibwana, ilifika Dar es Salaam ikaonwa na Bwana Ratilal, aliyekuwa anajenga nyumba mpya ya sinema. Akaniletea maneno. Anataka kauboi wa kuchonga, kimo cha mtu mzima, asimame mlangoni siku ya ufunguzi, Jumamosi. Akimpendeza, mimi ndiye nitakuwa mchoraji wa nyumba ile, kila wiki ubao mpya wa mchezo mpya.

Mjomba Shomari alikuja kumwona kauboi nikiwa nimemchonga kufika kifuani. Akamzunguka mara moja, akakaa juu ya gogo.

"Athumani, mlango unamsitiri mtu na watoto wake. Huyu wako anamfaa nani?"

Sikuwa na jibu, na mimi nikikosa jibu hupandwa na hasira. Nikaapa palepale kwamba tajiri akimkataa kauboi wangu, nitarudi kwenye milango wala sitachonga uso wa mtu mpaka naingia kaburini. Niliapa mbele ya mama yangu, na mama yangu hasahau neno.

Miezi mitatu nilikuwa naye chumbani. Nilimtoa katika gogo la mfenesi, miguu ya matege, mdomo umekaza, macho ya buluu, masharubu, kitambaa chekundu shingoni. Mkono wa kulia ulikuwa umenyooka unaelekeza bastola. Mikono na kofia nilivichonga kando ili vichomekwe kwa vigingi. Siku ya safari nikavichomoa. Kofia nikaitia kapuni, mikono nikailaza ubavuni mwake, nikamzonga mwili mzima kwa marikani mpya nyeupe ili rangi isichubuke. Mama akanyunyiza karafuu maiti kati ya mikunjo, ileile anayotia sandukuni mwa kanga zake, kwa ajili ya wadudu. Halafu nikamfunga juu ya kitanda cha kamba, asirukeruke njiani.

Ninyi mmeshaliona kosa. Sisi hatukuliona, maana tulikuwa tumekaa naye ndani miezi mitatu, tumemzoea. Mimi niliona kazi imefungwa vizuri, nikajisifu.

KUTOKA BAGAMOYO HADI KEREGE: MASHIMO

Tuliondoka Jumanne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo na barabara ilikuwa haitamaniki. Kibwana ni dereva mzuri isipokuwa pale anapozungumza, na anazungumza kila wakati. Kila shimo tulilolikuta aliliingia akiwa amenigeukia ananisimulia jambo. Mimi nilikuwa kiti cha mbele, nikisikia kitanda kinavyogonga sakafu ya lori, na kila kikigonga namwona kauboi akivunjika pua.

"Polepole, Kibwana!"

"Nikienda polepole tutazama."

"Basi tuzame polepole."

Hakucheka. Tukagombana hadi Kerege, na kutoka hapo mimi nikafunga mdomo, nikawa natazama nje kwa uso wa mtu aliyefiwa. Sikujua kama uso huo utaniponza.

Kerege walipanda abiria sita na mizigo yao nyuma. Mmoja wao alikuwa Bi Mwanaisha, mama wa makamo, mfupi, kavaa kaniki. Kabla ya kupanda alichungulia nyuma ya lori, akasimama kidogo, kisha akaja mbele kwenye dirisha langu. Akanipa vitumbua vitatu katika jani la mgomba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kula. Usiache kula, hata kama huoni hamu."

Nikashangaa amejuaje kwamba sijafungua kinywa. Nikasema moyoni, watu wa Kerege wana utu kweli.

Tukaendelea. Kwa kawaida nyuma ya lori la Kibwana ni kelele tupu, kuku na ugomvi wa mahali pa kukaa. Siku ile kimya. Baadaye nikasikia sauti za chini, watu wanasoma, mmoja anaanza na wengine wanaitikia.

"Unasikia?" nikamwambia Kibwana. "Abiria wanajiombea dua kwa ajili ya uendeshaji wako."

Akanuna hadi Mapinga.

MAPINGA: DARAJA LIMEKWENDA

Mapinga tulikuta watu wamesimama barabarani wanatupungia tusimame. Mto Mpiji umefurika na mbao za daraja zimekwenda na maji. Gari halipiti, labda kesho kutwa, labda wiki ijayo. Ilikuwa Jumanne adhuhuri, na Jumamosi ndiyo siku yangu.

Nilikula kwanza, maana mimi nikiwa na wasiwasi nakula. Palikuwa na mgahawa wa makuti, nikala muhogo wa nazi na papa, nikaona dunia ina nafuu kidogo. Kisha mimi na Kibwana, ambao sasa tumepatanishwa na shida, tukaenda kwa miguu kuutazama mto. Kapu langu lenye kofia nilikwenda nalo, sikuliamini lori. Tulikaa kule muda mrefu, tukipima maji kwa fito na kubishana na watu wa barabara wapi pana kina kifupi. Tuliporudi ilikuwa imeshapigwa adhana ya alasiri na watu wameshatoka kusali.

Lori lilikuwa tupu. Kitanda hakipo.

Nikamwuliza mwanamke aliyekuwa anapepeta mchele chini ya paa la mgahawa. Akanitazama kwa huruma, machozi yakamlenga.

"Wamekwishatangulia naye, baba. Usihangaike. Watu wamefanya kila kitu."

"Wametangulia naye wapi?"

"Makaburini."

Kumbe, na haya niliyajua baadaye, Bi Mwanaisha aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwa dada yake anayekaa hapo Mapinga, akawaeleza watu kwamba kuna kijana mgeni amekwama njiani na maiti wake, amekwisha kuoshwa na kukafiniwa, karafuu maiti inanukia, daraja hakuna, na kijana mwenyewe msiba umemfunga ulimi, baada ya salamu hana neno linalomtoka. Watu wa Mapinga wakaona si jambo la kungojea. Maiti hacheleweshwi. Vijana wakachukua majembe, wanawake wakainjika masufuria, na mimi nipo mtoni napima maji kwa fito.

MAPINGA: MAKABURINI

Nilikimbia. Niliwakuta njiani katikati ya mikorosho, wanaume kama arobaini, na kitanda changu kinaelea juu ya vichwa vyao. Mnajua jinsi tunavyobeba. Hakuna anayeachiwa peke yake, kila mtu anataka thawabu ya hatua chache, huyu anaingiza bega na yule anatoka, na jeneza linakwenda mbio. Walikuwa wanapokezana watu nisiowajua, wengine wametoka shambani na tope miguuni, wanambeba kauboi wangu kana kwamba ni baba yao.

"Simameni!" nikapiga kelele. "Si maiti huyo! Ni mti!"

Wanaume wawili wakanishika mikono, mmoja huku na mmoja huku.

"Subira, ndugu yangu. Sote ni wa njia hiyo."

"Nawaambieni ni mfenesi! Nimemchonga mwenyewe!"

"Msiba umempanda kichwani," mmoja akamwambia mwenzake kwa sauti ya upole, akanikaza zaidi.

Mbele yangu nikasikia mchukuzi mmoja akihema. "Huyu mzito, jamani. Sijui alikuwa anakula nini."

"Nyamaza, maiti hasemwi."

Nikiri hapa kwamba nilitukana. Hakuna aliyekasirika. Wakazidi kunihurumia, na hilo ndilo lililonitia wazimu zaidi.

Kaburi lilikuwa tayari, limechimbwa vizuri kwenye ule mchanga wao, na ndani yake amesimama mzee mmoja mchimbaji, jina lake Pazi, anasawazisha mwanandani, pale chini pa kumlaza maiti. Kitanda kikatuliwa. Watu wakapanga safu za kumsalia. Mbele akasimama Mwalimu Haji, mwalimu wa chuo cha Kurani cha pale, mtu mwembamba wa maneno machache. Kabla ya kuanza akanigeukia, kwa kuwa imamu husimama usawa wa kichwa maiti akiwa mwanamume na usawa wa kiuno akiwa mwanamke, na yeye hakutaka kukosea.

"Mwenye maiti, ni mwanamume au mwanamke?"

Wale wawili wakanilegeza ili nijibu. Nikajua hii ndiyo nafasi yangu na sitapata nyingine.

"Mwanamume, Mwalimu. Lakini hajapata kuwa hai."

Nikajichomoa, nikapiga magoti, nikaivuta marikani kutoka usoni.

Kauboi akawatazama kwa macho yake ya buluu, masharubu yake yanang'aa. Watu wa safu ya mbele waliruka nyuma wakawakanyaga wa safu ya pili. Mzee Pazi alikuwa ametoa kichwa tu kaburini, uso kwa uso naye.

"Huyu mbona hajafa?" akauliza.

Nami, kwa kuwa sikujua la kufanya, nikatoa kofia kapuni nikamvalisha.

Kisha Kibwana, aliyekuwa amefika anatweta, akacheka. Pazi naye akacheka mlemle shimoni, halafu yule aliyelalamikia uzito, na mwishowe makaburi yote yakajaa vicheko vya watu wazima wanaoshika mbavu. Mtu mmoja alikaa chini kabisa. Mwalimu Haji pekee hakucheka. Akangoja mpaka kila mmoja akajifuta macho.

"Kijana, sanamu hili ulilolichonga mimi silipendi, na mkono wangu hautaligusa tena. Lakini umetuambia kabla hatujasali, na hilo nimeliona."

"Nilisema tangu njiani, Mwalimu. Hawakunisikia."

"Ulikuwa unatukana," akasema. "Mimi nilisikia."

Likabaki kaburi. Pazi alikataa katakata kutoka na kuliacha wazi, kwani kaburi lililochimbwa haliachwi tupu, litamwita mtu wa mji. Mmoja akasema basi azikwe huyuhuyu wa mti, na wengine wakaitikia, na kwa muda mfupi jasho lilinitoka kwa kweli. Niliona miezi mitatu yangu na ufunguzi wa Jumamosi vinaingia mchangani pamoja. Nikamlalia kauboi juu kwa kifua changu, nikamweleza Mwalimu mbele ya wote juu ya tajiri na juu ya kiapo changu kwa mjomba. Mwalimu akafikiri. Akaagiza ukatwe mgomba. Ukaletwa mgomba wa kimo cha mtu, ukalazwa, ukafukiwa, na mimi mwenyewe nikashika jembe pamoja nao. Kwa hiyo atakayewaambia kwamba nimezika Mapinga, hasemi uongo.

Chakula kilikuwa kimekwisha kuiva. Wali wa nazi, kunde, na kuku waliochinjwa kwa ajili ya marehemu wangu. Hakuna aliyesema kimwagwe. Tukala wote, huku kauboi ameegemezwa ukutani, uso umeelekezwa ukutani kwa amri ya Mwalimu. Wanawake wakaja kumchungulia kwa zamu wakirudi wanacheka.

Bi Mwanaisha hakucheka. Alikuja akanisimamia.

"Nimelia machozi yangu bure kwa ajili ya gogo!"

Nikaanza kumjibu kwa ukali, kwani nani aliyenizulia msiba? Lakini akakaa chini mbele yangu, ghafla.

"Mwanangu Hamisi walimchukua wakampeleka vita vya Wazungu na Wajapani, kule Bama," akasema. "Ikaja karatasi. Ilisema amekufa, haikusema wamemweka wapi. Nilipokuona umekwama na maiti wako, nikasema, kama kule Bama alikuwako mama wa watu aliyemwona wangu, basi nadhani alihangaika hivi. Ndiyo maana niliwaharakisha."

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Hasira zote ziliniisha. Nikamwomba radhi, naye akaniambia nile.

MTO MPIJI: KWA MABEGA YALEYALE

Jumatano asubuhi maji yalikuwa yamepungua kufika kifuani. Sikuwa na wachukuzi, wala sikuomba. Walikuja wenyewe, walewale wa jana, Pazi mbele, wanamwita "marehemu wetu" na kuuliza kama amelala vizuri. Wakakinyanyua kitanda juu ya vichwa na kuingia mtoni wakipokezana vilevile, ila safari hii wanaimba na kutaniana.

Katikati ya mto mmoja akakanyaga shimo. Kitanda kikainama, marikani ikafunguka ubavuni, na mkono wa kulia ukachomoka. Uliibuka mara moja juu ya maji, bastola imeelekezwa kwetu sote, ukaenda zake baharini. Watu waliruka kuufuata, na mmoja nusura azame kwa ajili ya mkono wa mti. Nikawaita warudi. Nilipofika ng'ambo nilikaa kwenye nyasi nikalia, nawaambieni kweli, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu.

"Ana mwingine," Pazi akanituliza. "Na wewe unayo yote miwili."

BUNJU HADI TEGETA: MKONO MPYA

Bunju nilipata lori la wachoma chokaa, nikapanda juu ya chokaa na kauboi wangu. Kufika Tegeta tulikuwa weupe sote wawili, na watoto walikimbia waliponiona nikikohoa. Msimamizi wao, Mmakonde mmoja mkarimu, alinipa pa kulala, na Alhamisi nzima niliitumia kwenye tanuri lake nikitafuta mti. Hapakuwa na mfenesi. Palikuwa na tawi la mkorosho lililokauka, limepinda kama kiwiko.

Mti uliopinda haunyooki. Sikuwa na njia ya kumwelekezea mtu bastola kwa mti ule. Nilitazama tawi, nikalizungusha huku na huku, nikala viazi vya kuchoma, nikalitazama tena. Mwishowe nikachonga mkono ulioinuliwa, kiganja wazi, kama mtu anayetoa salamu ng'ambo ya njia. Rangi niliyopaka ni chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu. Yule msimamizi, ambaye kwao wanajua kuchonga watu kuliko mimi, akavishika vidole kimoja kimoja.

"Huu ni bora kuliko huo mwingine," akasema.

Nilidhani ananifariji.

DAR ES SALAAM: JUMAMOSI

Niliingia mjini Ijumaa jioni, na asubuhi yake nikamsimamisha mlangoni mwa sinema. Bwana Ratilal akatoka, kavaa koti jipya, akamtazama kutoka kofia hadi viatu, na kutoka viatu hadi mkono.

"Hii mkono nini?"

"Salamu, Bwana."

"Mimi nilitaka mtu kali, anatoa bastola. Huyu anasimamisha basi!"

Nikamweleza habari ya mto. Akasema mto si kazi yake. Akasema nimwondoe kabla wageni hawajaja. Nilishika kile kitanda tayari kumlaza, na mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwa mama yangu akinikumbusha kiapo neno kwa neno.

Nikiwa nimeinama nikasikia sauti. "Salama, bwana mkubwa! Habari za kwako?" Ni msukuma mkokoteni, amepita akainua mkono kumjibu kauboi. Nyuma yake muuza maji ya madafu akafanya vivyo hivyo, akagundua anaamkiana na mti, akacheka na kurudi kumwonyesha mwenzake. Bwana Ratilal akaliona hilo, akakunja uso, akasubiri.

Halafu likaja lori la Kibwana. Daraja lilikuwa limetengenezwa Alhamisi. Nyuma limejaa watu wa Mapinga, wamevaa kanzu zao safi, na Pazi amesimama mbele kama nahodha. Walishuka wakaja moja kwa moja kwa kauboi, na kila mmoja akamgusa bega.

"Marehemu, u hali gani? Umepata mkono!"

Watu waliokuwa wakipita wakasimama, wakauliza. Pazi hakuhitaji kubembelezwa. Alisimulia kisa chote mlangoni pale, akaonyesha jinsi alivyotoa kichwa kaburini, na kila aliposimulia umati uliongezeka na yeye akaongeza chumvi. Saa ya kufungua ilipofika mstari ulikuwa umekunja kona.

"Hawa wote wanamjua?" Bwana Ratilal akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Wamembeba, Bwana."

Akatazama mstari. Akanitazama mimi, niliye na chokaa masikioni bado.

"Acha mkono," akasema. "Mwezi ujao uje, kila wiki ubao moja. Lakini farasi yako jifunze. Ile nyuma ya lori ni punda."

KURUDI: MAPINGA TENA

Jumatatu nilishuka Mapinga nikitembea kwa maringo, nina kilo mbili za sukari na kanga ya Bi Mwanaisha. Nilimkuta kwa dada yake akichambua mchicha. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Dar es Salaam. Nikamwambia nitamchongea Hamisi, kimo chake kamili, na kofia yake ya askari, ili amwone kila siku. Nilidhani atanibusu mikono.

Akatabasamu, akaendelea na mchicha.

"Hapana, mwanangu. Ukimsimamisha nyumbani kwangu nitamwekea chakula. Na hatakula."

Sikuwa na la kusema. Kwa mara ya kwanza kukosa la kusema hakukunitia hasira.

"Lile kaburi lenu lina nini?" akauliza.

"Mgomba, mama."

"Nimemwomba Mwalimu niwe nakwenda kukaa pale. Kasema dua inafika popote inapoombwa, ila nisijidanganye kwamba pana mtu. Nikamwambia najua hapana mtu. Nataka pa kukaa tu." Akaweka mchicha chini. "Wewe unajua kuchonga jina?"

Pazi alinipa ubao mzuri wa mlango wa zamani. Mwalimu Haji aliniandikia jina la Hamisi na la baba yake kwenye karatasi, kwa hati yake nzuri, kisha hakuondoka. Siku mbili alikaa nyuma yangu nikichonga. Nilizungushia mnyororo wa mjomba Shomari na maua yake yote ninayoyajua, na kusema kweli sijapata kuchonga kitu kwa uangalifu kama ule, si kauboi wala mlango.

Tukaenda kuusimika, watu wachache tu. Bi Mwanaisha hajui kusoma. Alichuchumaa, akapitisha kidole juu ya maua, juu ya mnyororo, akafika katikati.

"Hapa ndipo lilipo jina lake?"

"Hapo, mama."

Akakiacha kidole pale muda mrefu.

"Basi amefika," akasema.